Hodi ya Tatu

Saa nane usiku, Mbeya imejifunika gubigubi.
Mimi niko ghorofa ya pili, Mwanjelwa,
na chai ya tangawizi iliyopoa,
na lango la chuma mbele ya macho yangu
ambalo halipo hapa. Liko juu ya Matamba, penye ukungu,
na saa hizi hapana mtu kule, hata mmoja.

Zamani alikuwapo Yohabu Tweve.
Miaka kumi na mmoja alilala kwenye kibanda cha banio,
ufunguo shingoni kwa uzi wa katani,
Mgambo, mbwa wake, kizingitini.
Mvua ikizidi alitoka na koti la mpira
akazungusha gurudumu kwa mikono miwili
hadi mto ukohoe mchanga wake.
Kisha zikaja sola, mota, sanduku la kijivu lenye antena.
Tweve akapewa barua ya shukrani na redio ndogo.
Kibanda kikabaki na buibui.

Ufunguo sasa ni mimi:
herufi kumi na sita nisizoziandika popote,
na tarakimu sita zinazoingia kwenye simu
na kufa kila nusu dakika, kama kiberiti kwenye upepo.

Leo kuna mtu anagonga.
Hana uso, ana namba tu.
Huenda kwao ni mchana.
Anajaribu moja mbili tatu nne. Hodi.
Anajaribu jina la kampuni na mwaka huu. Hodi.
Anajaribu jina la mto (nani kamwambia?). Hodi.
Nyumbani nilifundishwa: piga hodi tatu,
usipoitikiwa, geuza miguu.
Mashine nayo imelelewa hivyo hivyo.
Mlango ukakaza meno, namba ile ikafungiwa nje.

Nikacheka peke yangu. Sikucheka sana,
maana kipimo cha maji kilikuwa kinapanda:
mita moja na nusu,
moja na sita,
moja na nane.
Mvua ya Kitulo haisomi ratiba.
Nikaandika nywila. Kosa.
Nikaandika tena, vidole vimekufa baridi. Kosa.
Imebaki hodi moja, na mimi ndiye mwenye nyumba.

Nikaficha mikono kwapani, nikahesabu hadi ishirini.
Halafu herufi moja, na nyingine, na nyingine,
kama mtoto anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza.

Karibu.

Nikaagiza: fungua, asilimia arobaini.
Kioo kikajibu: arobaini.
Nikaegemea kiti.

Simu ikaita. Tweve, kutoka kwake, bondeni chini ya banio.
"Tusekile, mbona hujafungua?"
"Nimefungua, baba. Kioo kinasema arobaini."
"Kioo kinasema. Mimi nausikiliza mto. Haujakohoa."

Nikafunga. Nikafungua. Nikafunga tena,
mota ikivutana gizani na kitu nisichokiona,
gogo labda, au mzizi,
na kioo muda wote kikinihakikishia kwamba mambo ni shwari.
Mara ya nne, kabla Tweve hajasema neno,
nikausikia mwenyewe ndani ya simu:
maji yakiporomoka na mawe yake,
na Mgambo, mzee sasa, akiyabwekea.

"Haya," akasema. Akanyamaza. Halafu:
"Hiyo nywila yako, hata mimi huwezi kunitajia?"
"Siwezi."
"Vizuri. Na mimi ufunguo sikumpa mke wangu."

Asubuhi nikajaza fomu:
saa ya kufungua, asilimia, kina cha maji,
majaribio ya kuingia yaliyozuiwa, matatu.
Mawili yangu sikuulizwa.
Nikatafuta pa kuliweka sikio la Tweve,
nikageuza karatasi, nikairudisha.
Mwishowe pembeni, kwa penseli:
mto umesikika.